Mpagazi wa Nne

Treni ya Dar ilichelewa saa mbili, kama kila jambo jema ambalo serikali ya Mwingereza ilisema liko njiani kutufikia.

Dionis Lugembe aliisubiri pale stesheni ya Tabora tangu saa kumi jioni. Hakuwa na mgeni. Alikuwa anasubiri gazeti. Mwaka ule wa 1955 mji mzima ulimjua kwa jambo moja: ana digrii na hana kazi. B.A. ya Makerere, ina muhuri wa London, imelala ndani ya bahasha chini ya godoro nyumbani kwa dada yake, Gongoni. Bwana mkubwa wa bomani alikuwa amemwambia huku anatabasamu, "You are far too clever for a clerk, Dionis." Na kazi za kumzidi karani zilikuwa na wenyewe, wenye ngozi nyekundu. Basi. Msomi wa watu akarudi kula ugali wa cherehani ya dada yake.

Kilichombakia ni ulimi. Mhariri mmoja wa Dar alikuwa ameuonja ulimi huo kwenye barua za wasomaji, akaupenda. "Niletee makala yenye moto," alimwandikia, "nami nitakutafutia kiti ofisini."

Na moto ulipatikana. Ghalibu bin Nabhan, mtoto wa duka la nguo pale pale Gongoni, alikuwa ametengeneza filamu. Ndiyo, filamu! Kamera kuukuu aliyoinunua kwa Mhindi mpiga picha, wachezaji watatu waliolipwa chai na mihogo, na hadithi ya kutisha kuhusu mpagazi aliyeachwa afe kwenye njia ya misafara, karibu na Kigwa, akarudi kudai. Haikuwa na sauti. Ghalibu mwenyewe alisimama kando ya shuka jeupe uani kwao, akaisimulia kwa bomba la gramafoni.

Usiku wa kwanza wanawake walikimbia viatu mkononi. Usiku wa pili padri alikataza watu wasiende. Usiku wa tatu watu wakawa mara mbili. Wazee wa Kimoraviani walisema ni kazi ya shetani, vijana wa reli wakasema inazipita za Wazungu. Dionis alisema ni takataka, na alilisema hilo kwa maneno mia nne.

Sasa gazeti lilikuwa mkononi. Jina lake chini, herufi nzito. Alishika njia ya kwenda nyumbani huku anasoma kwa sauti, maana raha ya maneno yako ni kuyasikia. Jua lilikuwa limezama, mwanga ukibaki kidogo, mwekundu, wa vumbi. Njia ile ni ya zamani kuliko reli. Babu zake waliipita na pembe mabegani kuelekea pwani, na wengine hawakurudi. Yeye aliipita na ukurasa wa tatu.

"'Filamu hii imetengenezwa kwa shuka moja, kamera moja na akili nusu,'" alisoma. Akacheka peke yake. "'Wapagazi wanazungushwa mbele ya kamera kama ng'ombe wanaopura mpunga, ili tuwadhanie ni thelathini. Lakini balaa ni yule wa nne. Unga usoni, macho ya samaki wa juzi, na mzigo mtupu anaoubeba huku amejikunja kana kwamba kabeba mlima. Amateur! Nipeni mimi huo mzigo. Nitaubeba mpaka Bukene huku napiga mluzi.'"

"Rudia."

Sauti ilitoka nyuma yake. Chini, kavu, kama ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi.

Dionis aligeuka. Mtu alikuwa amesimama hatua kumi hivi, miguu peku, mzigo begani. Uso haukuonekana vizuri, mwanga ulikuwa nyuma yake.

"Mwadila, baba," Dionis alimwamkia kwa Kinyamwezi.

Mtu hakuitikia.

"Rudia," alisema. "Hapo pa mzigo."

Mtu mwingine angekimbia. Lakini nani amewahi kumwomba Dionis Lugembe arudie maneno yake? Bomani walimwambia that will be all. Dada yake humwambia ale kwanza. Huyu hapa, mshamba wa watu katoka huko porini, anataka kusikia tena. Dionis alilinyoosha gazeti, akalisogeza kwenye mwanga, akarudia. Vizuri. Kwa mikogo.

"Nipeni mimi huo mzigo."

Harufu ilimfika kwanza. Nta ya nyuki. Ngozi mbichi. Na chini yake kitu kingine… kitamu, kizito, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya chungu.

Kisha bega lake la kulia likashuka.

Hakuona mikono ikimtwisha. Hakusikia hatua. Ulikuwa pale tu, mkeka umefungwa kwa kamba za magome, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, na uzito wake ukamsukuma mpaka goti likagusa vumbi. Gazeti lilimtoka mkononi. Alipoinua macho, yule mtu alikuwa amesimama wima. Alikuwa anajinyoosha mgongo. Polepole… pingili moja baada ya nyingine… na kila moja ikilia. Ko. Ko. Ko.

Uso ule aliufahamu. Alikuwa ameutukana mbele ya nchi nzima.

Haukuwa unga.

Dionis alikimbia. Yaani alijaribu. Mtu aliyebeba kitu kile hakimbii, anajikokota. Na nyuma yake miguu peku ilimfuata, myepesi, karibu ya kuchezacheza, kama ya mtu aliyetoka kifungoni.

Ndani ya mkeka kitu kikajigeuza upande, kama mtu aliyelala.

Hakwenda kwa dada yake. Alikwenda kwa Ghalibu. Aligonga mlango wa uani kwa kichwa, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika mzigo.

"Nani?"

"Dionis. Fungua."

Hatua zikasogea. Kisha sauti ya Ghalibu, karibu kabisa na ubao, kwa kunong'ona. "Umebeba kitu?"

"Fungua, Ghalibu!"

"Nakuuliza, bwana mhakiki. Umebeba kitu?"

"…Ndiyo."

Dionis alisikia komeo la pili likiteremshwa upande wa ndani.

"Gazeti limenifikia leo asubuhi kwa basi," Ghalibu alisema. "Nimelisoma mara moja, nikafunga duka. Umeniita nusu akili, sawa, hayo yana mwisho. Lakini hilo la mzigo… ya Rabbi, Dionis, ulikosa la kuandika?"

"Ni mchezaji wako huyu! Mwambie autoe!"

"Nilikuwa na wachezaji watatu."

Dionis aliuweka mzigo vizuri begani. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Watatu," Ghalibu alirudia. "Kashindye na wenzake wawili. Siku ya tatu, kule Kigwa, akaja wa nne kutoka barabarani na mzigo wake. Nikadhani ni mwanakijiji anayetaka picha. Mimi nikafurahi, wa nne wa bure! Nikazungusha kamera. Tulipopumzika, Kashindye, unamjua adabu zake, akamwona mzee kaelemewa. Akamwambia, 'Shikamoo, baba. Leta nikupokee.'"

Nani asingesema hivyo? Mtu akija na mzigo, unampokea. Hata adui. Mtoto anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kula kwa mkono wa kulia.

"Akampokea," Ghalibu aliendelea. "Akautembeza mchana kutwa anatania, anasema ndani mna mke. Jioni akautua ili ale. Alivyoutua tu akakaa, roho ikamtoka. Mkono ukabaki kwenye sahani. Nimewaambia watu ni jua." Sauti ilikatika. "Tulipogeuka, mzigo haupo. Mzee hayupo. Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, yuko humo, kaubeba yeye tena. Nikasema, hii ndiyo itakayotisha watu. Nikaionyesha. Mungu anisamehe, nikaionyesha, na arobaini ya msiba wa Kashindye haijatimia."

"Sasa nifanye nini?"

"Bibi yangu anasema enzi zao mpagazi hakuandikiwa karatasi. Alisema 'nipeni huo' mbele za watu, basi, amefungwa hadi mwisho wa safari. Wewe umesema mbele za watu wangapi?"

"Ghalibu. Ni gazeti tu. It's only a review!"

"Mwambie yeye, yuko hapo nyuma yako. Namwona kwa tundu la ufunguo."

Dionis hakugeuka. Alisikia pumzi. Haikuwa ya kuchoka.

"Usiutue," Ghalibu alinong'ona. "Hata ufanyeje. Ubebe mpaka apatikane wa kukupokea kwa hiari yake. Na hapa hayupo, ndugu yangu. Bibi kawakataza watu wote humu ndani hata kukwambia pole. Nenda."

Akaenda. Angefanya nini? Bega lilikuwa limeshakufa ganzi na maumivu yalishuka kwenye mbavu. Nyumba ya dada yake ilikuwa ya sita kutoka pale. Alitaka kuipita kimya. Alizuia hata pumzi. Lakini Marcelina alikuwa mlangoni na kibatari, anamsubiri, kama alivyomsubiri kila jioni tangu mama yao afe.

"Dionisi? Mbona umechelewa hivyo?" Akainua kibatari. "Hee! Umebeba nini mdogo wangu? Hebu ona ulivyopinda!"

Akaweka kibatari chini. Akaja, kanga imemlegea kiunoni, mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Leta nikupo…"

"Usinisogelee!"

Akasimama. Dionis aliitazama ile mikono. Vidole vimetobolewa na sindano. Ilikuwa imempokea begi la shule, ikapokea jeneza la mama, ikapokea matusi ya mume. Angemweleza ukweli, angeupokea kwa nguvu zaidi. Ndivyo alivyo. Angesema tu, leta, mimi nimezoea.

Na bega lake, kumbe, lilikuwa tayari linainama kuelekea kwake. Lenyewe. Kama mtoto anayemtaka mama.

Nyuma yake yule mtu aliacha kupumua. Alikuwa anasubiri.

Hapo Dionis akautumia ulimi wake.

"Toa mikono yako," alisema. "Kila mtu anayeingia humu unamkimbilia, kama mbwa wa jikoni. Unadhani kwa nini Raymundi alikuacha? Si kwa sababu huzai. Alichoka kuhudumiwa na mtumwa. Nami nimechoka. Ugali wako niliucheka shule nzima, niliucheka Makerere, siwezi kuumeza tena. Funga mlango. Ukinigusa nakutemea mate."

Mikono ikashuka. Ilishuka polepole, kwanza mmoja, halafu mwingine. Marcelina hakulia. Alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akaokota kibatari, akaingia ndani. Mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa.

Katika maisha yake yote Dionis hakuwahi kusema uhakiki wa uongo kama ule. Na aliusema vizuri.

Akashika njia ya kaskazini, ya kwenda Bukene. Safari ya siku kadhaa kwa mtu mwenye afya. Nyumba za mwisho zikapita. Giza lilikuwa limeingia kabisa. Alihesabu hatua kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, lugha ya mama, na kila alipofika mia kitu kile ndani ya mkeka kilijigeuza, na kila kilipojigeuza kilikuwa kizito zaidi. Nta ilianza kuyeyuka shingoni mwake. Ilikuwa ya vuguvugu. Hakutaka kujua kama ni nta.

Alipofika hatua ya elfu mbili miguu ilikataa. Alisimama katikati ya njia, mzigo ukimteleza.

Kengele ya baiskeli.

Taa ndogo ilikuja ikiyumba kutoka mbele. Ikasimama. Alikuwa kijana, ameshika usukani, Biblia kaifunga kwenye keria kwa mpira. Mwalimu wa kanisa, labda. Uso wa mviringo, wa mtu aliyekula kwake na anarudi kwake.

"Habari za jioni, kaka," alisema. "Pole na mzigo."

Dionis alimtazama.

"Aisee, kaka, unaumwa? Mzigo wote huo na giza hili?" Kijana akaiegemeza baiskeli kwenye kichaka, akafungua mpira, akaitia Biblia mfukoni ili kupisha nafasi. "Mimi naitwa Nikolaus. Nyumbani ni hapo tu mbele, mke wangu hajalala. Weka hapa kwenye keria, unywe kwanza maji, kesho uendelee."

Hakuna aliyepumua nyuma.

Dionis alijua la kusema. Tusi moja tu, dogo, lingetosha, naye alikuwa nayo mia, katika lugha tatu. Lilikuja mpaka kwenye meno. Mtu huyu hakumjua. Hakuwa dada yake. Hakuwahi kumpikia.

"Leta, kaka," alisema Nikolaus, akanyoosha mikono. "Nikupokee."

Dionis akafunga mdomo.