Tundu la Sita

"Msumari, achana na hiyo ishara. Rudi kituoni."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza redioni. Msumari hakurudi. Aliegesha Land Cruiser nyuma ya kiwanda cha magodoro, akakitazama kipokezi kiganjani. Mshale ulielekea ghorofa ya pili.

"Mafundi wanasema ni mawimbi yanavuja tu," Mkuu aliendelea. "Mtu kasahau kuziba tundu. Kazi ya mwanagenzi. Dada yako hawezi kufanya upuuzi huo."

"Ndiyo maana naingia."

Akazima redio.

Dada yake alikuwa mhandisi wa mawimbi. Watu wenye silaha walimteka mwezi uliopita, mchana kweupe, nje ya maabara yake. Walitaka awaundie mtambo wa kuidanganya rada ya uwanja wa ndege, na jioni hii ndege ya wajumbe wa amani ilikuwa inatua. Moyo wa mtambo ulikuwa kigawanyaji: ubao mdogo unaoligawa wimbi sawa kwa sawa, katika masafa mapana, na kulipeleka kwenye matundu sita ya kupimia. Watu wanaoweza kuuchora ubao huo ni wa kuhesabika.

Na Dada alikuwa na ugonjwa wake. Tundu lisilotumika alilifunga papo hapo, kwa kizibo cha shaba kinachomeza mawimbi. Likibaki wazi, wimbi hugonga na kurudi likavuruga vipimo, na jingine huvuja nje. Nyumbani alifunga hata chupa za watu waliokuwa bado wanakunywa. Msumari alimtania miaka yote.

Dada asahau kizibo? Thubutu!

Alipanda ngazi akinyata. Mlinzi alikuwa ameinamia simu. Beretta ya Msumari, yenye kiwambo cha kuzuia sauti, ikakohoa mara moja.

Mlango ukafunguka kwa teke.

Dalali, mtu aliyeuza vita kwa yeyote mwenye pesa, alisimama kando ya mtambo. Bastola yake ilikuwa ubavuni mwa Dada.

"Nilimuuliza mbona tundu la sita halina kizibo," alisema. "Akaniambia vimeisha. Nami nikaamini, mjinga mimi."

Risasi mbili zikalia pamoja.

Dalali alianguka. Dada naye akaanguka.

Msumari alimkimbilia.

"Mtambo kwanza!" Dada alifoka.

Msumari akageuka, akang'oa waya wa umeme. Taa zote za mtambo zikazimika. Ndipo akapiga magoti.

"Umechelewa, mdogo wangu."

"Nisamehe, Dada."

"Niliogopa utadhani nimesahau."

"Wao walidhani. Mimi ningeanzia wapi kudhani hivyo?"

Dada akatabasamu kidogo, akafumbua kiganja. Kizibo kilikuwa humo, kimelowa jasho. Hakusema tena.

Ndege ilipita juu ya paa. Vioo vikatetemeka, kisha vikatulia.

Msumari alilia. Hakujaribu hata kujizuia. Alipomaliza, alikichukua kizibo, akakifunga kwenye tundu la sita, taratibu, mpaka kikakaza. Mtambo ulikuwa umekufa na kizibo hakikuwa na kazi yoyote. Lakini Dada asingeweza kupumzika na tundu wazi.

Akawasha redio.

"Ndege imetua salama," Mkuu alisema. "Wewe je?"

"Leteni machela."

"Umeumia?"

"Ya dada yangu. Na waambie mafundi wako hakusahau."

Akafunga vifungo vya koti juu ya shati lenye damu ya Dada, akashuka ngazi bila haraka.