Chiriku Akubali Kupimwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Chiriku alikuwa ameshapiga soga na nusu ya darasa. Ndiyo maana wenzake walimpachika jina hilo. Lakini Jumatatu moja muuguzi wa zahanati aliingia darasani akiwa amevaa barakoa, na kwa mara ya kwanza Chiriku alifyata ulimi.

"Mwenzenu, binti wa fundi cherehani, amekutwa na virusi vya mafua makali," alisema muuguzi. "Nani alikaa naye karibu? Simtafuti mkosaji. Nataka kuwapima mapema waliokaa naye, wasije wakawaambukiza wa nyumbani."

Wanafunzi wawili walinyoosha mikono. Chiriku aliinamisha kichwa. Jumamosi alishinda kwa fundi cherehani akisukwa na rafiki yake huyo, huku wakicheka mpaka mbavu zikauma. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda maktaba.

Aliporudi kutoka shuleni, alimkuta mama yake akifua nepi uani.

"Afadhali umefika, mwanangu! Hebu mbebe mdogo wako, mikono yangu imejaa povu."

Mtoto mchanga alikuwa akilia. Chiriku alipiga hatua moja, akasita.

"Mama, naogopa kumbeba. Nitamwambukiza."

"Utamwambukiza nini?"

Hapo alieleza yote huku akilia kwikwi. Mama alikunja uso, kisha akafuta mikono.

"Ya maktaba tutayazungumza. Sasa vaa barakoa, twende tukapimwe sote."

Kule zahanati, muuguzi alimwingiza Chiriku kijiti chenye pamba puani.

"Kinatekenya!" Chiriku alilalamika, akapiga chafya kubwa hata mama akashindwa kuzuia kicheko.

Majibu yalionyesha kwamba alikuwa na virusi, ingawa hakuwa na hata kikohozi. Mama na mtoto walikuwa salama. Chiriku alihamia chumba cha uani, akaletewa chakula mlangoni, na jioni alizungumza na mama kupitia dirishani mpaka sauti ikamkauka.

Walipopimwa tena baada ya wiki moja, wote walikuwa wazima. Muuguzi alimpakata mtoto, akamtazama Chiriku.

"Mapafu ya huyu bado ni machanga. Ungeendelea kunyamaza, huenda leo angekuwa wodini, akipumua kwa shida. Ukiwa karibu na mgonjwa, sema upesi, hata kama kusema kunakutia aibu. Aibu hupita, lakini uhai wa mtu haurudi."

"Nimeelewa, dada muuguzi."

"Basi nyoosha mikono, umpokee."

Chiriku alimpokea mdogo wake, akambusu kwenye paji la uso.