Tumpige au Tuwapige?

Nyumba ya Fundi ilinuka rangi. Ilinuka asubuhi, ilinuka jioni, na mgeni akipiga chafya mlangoni, Fundi alimwambia, "Karibu, utazoea."

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Fundi aliandika mabango ya maduka, ya shule na ya mikutano. Alitumia vibati, yaani vipande vya bati jembamba vilivyotobolewa umbo la herufi. Unaweka kibati juu ya kitambaa, unapitisha brashi, herufi inabaki. Mkewe alikaa dirishani na cherehani yake. Alikunja kingo za kila bango na kuzishona, ili kamba ipite na upepo usilichane. Kwa kazi hiyo wateja walimwita Mama Pindo.

Siku hizo nchi nzima ilikuwa na mjadala mmoja. Ng'ambo ya mpaka alitawala dikteta. Dikteta ni mtawala anayeshika madaraka yote peke yake, hataki kuulizwa wala kuondolewa. Huyu alikuwa amefunga magazeti. Waliompinga walichukuliwa majumbani mwao na hawakuonekana tena. Watu walimkimbia, wakavuka mpaka na vifurushi kichwani.

Bunge lilitaka kuamua: je, jeshi letu liende kumwondoa? Kabla ya kupiga kura, kila mbunge aliambiwa arudi kwa watu wake awasikilize. Mkutano wa mtaa wa Fundi ulipangwa Jumamosi.

Kwa wengi mjadala huo ulikuwa wa redioni. Kwa Mama Pindo ulikuwa wa damu. Mdogo wake wa mwisho aliolewa ng'ambo ile, na alikuwa na watoto wawili huko. Tangu mvua zianze hakuwa amepiga simu. Kila simu ilipolia, Mama Pindo aliacha kushona, mguu wake ukabaki juu ya kanyagio.

Jumatano asubuhi aliingia kaka yake. Huyu alikuwa fundi wa matairi, na watu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Shemeji, nataka bango," alisema kabla hajaketi. "La mkutano. Liandike TUMPIGE DIKTETA. Herufi kubwa, rangi nyekundu."

Fundi alishusha kopo. "Mimi sitaki vita, shemeji. Unajua."

"Sikukuambia utake. Nimekuambia uandike."

Kazi ni kazi. Fundi alitandika kitambaa mezani. Redio alishika upande mmoja, na midomo yao haikutulia.

"Mtu anaiba nchi nzima, sisi tunamtazama," alisema Redio. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho atavuka mpaka."

"Vita havina macho," Fundi alijibu huku akipaka. "Bomu halibishi hodi likauliza, samahani, dikteta anaishi hapa?"

"Kwa hiyo tumwache awamalize?"

"Na wewe unataka uwamalize kabla yake?"

Ubishi na brashi haviendi pamoja. Fundi alikuwa akimtazama Redio, hakutazama mkono wake. Kibati hakina juu wala chini kwa mtu mwenye haraka. Aliweka herufi M kichwa chini, miguu juu. Neno lilipokwisha, M ilikuwa imegeuka W.

"TUWPIGE!" alisoma Redio. "Shemeji, hiyo ni lugha gani?"

Rangi nyekundu haifutiki kwenye kitambaa cheupe. Fundi alikuna kichwa. Kisha akachukua kibati kidogo cha A, akakibana katikati ya W na P. Sasa bango lilisomeka TUWAPIGE. Chini yake akaandika DIKTETA, kama alivyoagizwa.

"Haliendi sawa," alisema Fundi.

"Wacha. Tumpige, tuwapige, si kupiga tu?" alisema Redio.

Rangi ilipokauka, Mama Pindo alilivuta bango kwenye cherehani. Alishona pindo la kushoto. Alishona la juu. Hapo macho yake yakafika kwenye neno, na cherehani ikanyamaza.

"Tuwapige," alisema. "Akina nani?"

"Ni kibati tu, mke wangu. Kiligeuka."

"Nimeuliza, akina nani? Dikteta ni mtu mmoja. Hapa mmeandika wengi. Mdogo wangu yumo? Wanawe wamo?"

"Dada, ni herufi tu," alisema Redio.

"Herufi tu! Mdogo wangu amekuwa herufi!" Alilia waziwazi, mikono yake ikiwa bado juu ya kitambaa.

Ingekuwa vizuri kama wanaume hao wawili wangenyamaza. Hawakunyamaza. Kila mmoja alitafuta wa kumlaumu, na wa karibu zaidi alikuwa mwenzake.

"Ni wewe na vita vyako vya mdomoni!" alisema Fundi.

"Ni wewe na woga wako! Mdogo wetu si damu yako. Angekuwa damu yako, usingekaa hapa na brashi."

Fundi alikuwa amempenda yule mdogo wa mkewe kama mtoto wake wa kumzaa. Neno lile lilimchoma. Alinyoosha kidole mlangoni. Redio akatoka.

Alhamisi Redio hakuja. Ijumaa asubuhi alipita barabarani, akatazama pembeni. Mama Pindo alimwona kupitia dirishani.

"Dikteta alinitenga na mdogo wangu," alimwambia mumewe. "Wewe umenitenga na kaka yangu. Mkutano bado haujafika, na mimi nimeshabaki peke yangu."

Fundi alisafisha brashi ambayo ilikuwa safi.

Mchana huo aliingia jirani yao, mkalimani. Alifanya kazi mahakamani na kwenye kituo cha wakimbizi. Mtu wa huku alipoongea, yeye aliyapeleka maneno kwa mtu wa kule, kisha akarudisha jibu. Alikuwa mcheshi. "Kutwa nzima nasema maneno yasiyo yangu," alizoea kusema. "Nikifika nyumbani sina hata la kumgombeza mume."

Alikuja kuchukua kibao cha mlango wake, akaliona bango sakafuni. Mama Pindo akamweleza yote. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Niitieni Redio. Mwambieni dada yake ndiye anayemwita."

Redio alikuja. Alisimama kizingitini.

"Ingia, hatukuli," alisema mkalimani. "Kesho mnakwenda kumshauri mbunge juu ya maisha ya watu. Mimi sitawaambia mchague nini. Nitawaonyesha tu jinsi tunavyofanya kazini. Mimi siruhusiwi kumjibu mtu. Kwanza lazima niseme alichosema, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho. Haya, Fundi. Redio anasema nini?"

"Anapenda vita," alisema Fundi.

"Sikusema hivyo!" Redio alifoka.

"Umeona? Tafsiri mbovu. Mahakamani ningefukuzwa kazi. Rudia."

Fundi alifikiri. Ilimchukua muda. "Anasema... yule dikteta hatatoka kwa kuombwa. Anasema kila siku tunayongoja, kuna mtu anachukuliwa. Na anaogopa kwamba zamu ya mdogo wake itafika."

Redio alitazama chini. "Ndiyo," alisema taratibu. "Hilo la mwisho ndilo."

"Nawe Redio, shemeji yako anasema nini?"

"Kwamba..." Redio alikohoa. "Kwamba jeshi likienda kumtafuta mtu mmoja, litapita juu ya nyumba za wengi. Na hata huyo mmoja akianguka, hatujui nani atashika nafasi yake. Pengine mbaya zaidi."

"Ndivyo," alisema Fundi.

Mkalimani alivuta kiti karibu na meza. "Sasa niwaambie neno linalonisumbua kazini. Ni neno dogo kuliko yote: 'tu'. Lugha ya ng'ambo ina 'sisi' mbili. Moja ni sisi pamoja na wewe unayenisikiliza. Nyingine ni sisi bila wewe. Mtu wa kwetu akisema 'tupigane', siwezi kutafsiri. Nalazimika kumuuliza, 'tu' ipi? Nani yumo, nani hayumo? Wengi hawajui. Redio, ulisema 'tumpige'. Wewe umo?"

"Mimi? Jeshi halinichukui. Nimepita umri."

"Basi nani yumo?"

"Vijana."

"Wa nani?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikosa la kusema. Fundi akacheka.

"Usicheke, Fundi. Wewe unayekataa vita, maana yake unasema 'tusubiri'. 'Tu' ipi? Anayesubiri ni nani?"

Kicheko kilikatika. Fundi aliitazama mikono yake yenye rangi.

"Ni wao," alisema. "Sisi tunasubiri tukiwa tumeshiba. Wao wanasubiri mlango wao ugongwe."

"Basi nyote wawili mlikuwa mnatumia watu wengine bila kuwauliza," alisema mkalimani. "Mkuki kwa nguruwe. Sisemi vita ni kosa siku zote, wala sisemi kungoja ni kosa siku zote. Nasema, anayetoa ushauri awataje watakaolipa. Na Mama Pindo, mmemuuliza?"

Walimgeukia Mama Pindo. Siku zote hizo walikuwa wakigombana juu ya mdogo wake, na hakuna aliyemuuliza.

"Mimi naogopa mabomu na namwogopa dikteta," alisema. "Yote mawili. Nataka anayetaka vita aniambie watu wa kule watalindwa vipi siku jeshi likiingia. Na asiyetaka vita aniambie watalindwa vipi jeshi lisipoingia. Asiyeweza kunijibu, asinipandie jukwaani."

"Kesho yaseme hayo hayo," alisema Fundi.

"Na bango?" aliuliza Redio.

"Bango nitalikata liwe vitambaa vya kufutia brashi," alisema Fundi. Redio aliikamata ncha moja, wakalikata pamoja.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Kelele zilianza kabla mbunge hajakaa. Mama Pindo aliomba nafasi. Alieleza: tukipingana, kila mtu kwanza aseme hoja ya mwenzake kwa haki. Na kila anayesema "tu", ataje nani yumo. Watu waliguna. Wengine walicheka. Mbunge, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alisema, "Tujaribu. Na mimi nimo."

Ilikuwa vigumu mwanzoni. Mzee mmoja alisema "tutawafundisha adabu", akaulizwa "tu ipi", akakasirika, akaketi. Kisha alisimama mwanamke muuza maziwa.

"Mwanangu ni askari," alisema. "Mkisema 'tupigane', huyo ndiye 'tu'. Sikatai. Lakini mtajeni."

Baada yake alisimama mkimbizi, na mkalimani akayapeleka maneno yake. "Kaka zangu wawili wako gerezani kule. Mkisema 'tusubiri', hao ndio 'tu'. Nao watajeni."

Hakuna aliyepiga makofi. Kuanzia hapo watu waliuliza badala ya kupiga kelele. Je, njia nyingine zote zimejaribiwa? Nchi jirani zikikataa kumuuzia silaha na kumtunzia mali, atadumu? Watu wa kule wenyewe wanataka nini? Akianguka, nani atawalinda kesho yake? Mengine mbunge alijibu. Mengine alikiri hajui, na akasema atayauliza bungeni kabla hajainua mkono wake.

Mwishoni watu wa mtaa walionyesha mikono. Wengi walisema jeshi lisiende sasa. Mpaka ubaki wazi kwa wanaokimbia, dikteta abanwe kwa msaada wa nchi jirani, na bunge lirudi kwa watu iwapo hatalegea. Wachache walisema jeshi liende. Redio alikuwa mmoja wao, na mkono wake aliuinua juu kabisa. Mbunge alimwomba aeleze sababu ili nazo azifikishe bungeni, na Redio alizieleza bila kumtukana mtu. Kisha akaenda kula kwa Fundi, na mezani wakabishana upya.

Simu ililia siku chache baadaye, mchana. Mama Pindo aliipokea, akapiga ukelele. Alikuwa mdogo wake. Alikuwa amefika soko la mpakani na kuazima simu. Yu mzima, watoto ni wazima, mumewe amejificha. Walilia kwanza, wote wawili. Kisha Redio, aliyekuwa amekuja kula, akapewa simu.

"Nasikia huko mnaamua juu yetu," alisema mdogo wake. "Mmesemaje?"

"Mimi nilitaka jeshi lije. Shemeji yako alikataa. Wengi walikuwa upande wake. Nilishindwa. Wewe unasemaje?"

"Jirani yangu anaomba mje. Mimi naogopa mkija, na naogopa msipokuja. Kaka, hayo ya kupingana na shemeji, uliyasema mbele za watu?"

"Mbele ya mbunge."

"Na mbunge alikujua wewe ni nani?"

"Aliniita kwa jina. Aliandika na sababu zangu."

Sauti kwenye simu ilishuka.

"Halafu ukaenda wapi?" aliuliza mdogo wake.

"Hapa kwa shemeji. Tukala. Usiku nikaenda kulala nyumbani."

"Hakuna aliyekuja kugonga?"

"Hakuna."

Akasikia mdogo wake anavuta pumzi. Nyuma yake watu wa soko walikuwa wakitangaza bei.

"Niambie tena, kaka," alisema. "Hapo uliporudi nyumbani."