Pampu ya Samaki wa Raphaël

Haya yalimpata Ayubu, rafiki yetu wa mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, mwaka 1998, wakati wa vita. Mwenzake Raphaël alipokimbilia Kigoma, alimwachia ufunguo wa nyumba na samaki mmoja wa bahari ndani ya tangi la kioo. Maji yalitaka chumvi, na hewa ilisukumwa kwa pampu ya baiskeli kila baada ya muda mfupi, la sivyo samaki angekufa.

Risasi zikamfukuza Ayubu hadi milimani kwa siku tatu. Aliporudi adhuhuri, alitarajia kukutana na uvundo. Badala yake akasikia ndani: fuu, fuu, fuu.

Kufuli lilikuwa zima. Akamgeukia Latifa, jirani, kwa jicho la shaka.

"Mama Latifa, ni nani uliingiza humu?"

"Ufunguo si iko na we? Ile pampu mi naisikia tangu juzi. Nilizani ni we."

Ayubu akafungua. Sauti ikakatika. Madirisha yalikuwa yamefungwa, ndani giza tupu. Akapapasa, akaishika pampu. Bado ilikuwa na joto la kusukumwa.

Akawasha kibiriti. Samaki alikuwa hai, ameikodolea macho kona isiyo na kitu. Kisha akageuka taratibu, kama anayemfuata kwa macho mtu anayetembea, mpaka akatulia akitazama nyuma ya bega la Ayubu.