Chungu cha Mwalimu Zebedayo

Kilichoanza ni shikamoo. Asubuhi ile Jubilate alitoka hemani, akamsogelea mama yake akasema, "Shikamoo, mwalimu," kama mtoto wa jirani. Odilia, mwalimu na kiongozi wa skauti, akacheka.

"Mwalimu tena! Leo mimi si mama yako?"

 Binti alikuwa ananuka udongo mbichi.

Odilia hakuwaza baya, na angewaza nini? Jana yake walishuka kwenye mitumbwi kutoka Lyulilo, akawasimulia watoto asili ya kambi yao hapo ufukweni mwa ziwa, jirani na Ikombe, kama alivyosimuliwa alipohamishiwa Kyela kutoka Bukoba. Zamani Mwalimu Zebedayo alileta skauti wa kwanza hapo, akakuta chungu kimefunikwa mchangani, mdomo chini. Skauti naye na sheria yake: paache pasafi kuliko ulivyopakuta! Akakifunua, mwanawe akakiosha, wakapikia wali. Chungu chenyewe kikapotea.

Sasa jamani, si ndicho hicho wakakiona nyuma ya jiwe, kimefunikwa vilevile? Odilia akashangilia, akakifunua, na heshima ya kukiosha akampa mwanawe wa pekee. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na mwenyeji alipona kweli.

Adhuhuri alipita Atupele, mfinyanzi wa Ikombe, na vyungu vyake vya kuuza. Alipokiona kile kimekaa wima, alishika kifua.

"Nani amekiosha?" alinong'ona.

"Binti yangu. Kuna nini, mama?"

"Loo, mwalimu! Kile tulikifunika sisi. Anayekiosha huingia, na aliyemo hutoka na sura ya aliyeosha. Kwanza alikuwemo jini. Mtoto wa Zebedayo akaosha, akaingia yeye, jini likaondoka na baba yake, linaitwa mwanangu. Tukafunika ili asiguse mwingine. Tulikuwa tunamsikia akilia, na hatukuwa na la kufanya."

Odilia aligeuka. Jubilate alikuwa nyuma yake, machozi yanamtoka.

"Baba yangu Zebedayo yuko wapi?" aliuliza. "Nilimwita sana."

 Odilia alikiendea chungu akitambaa, akainamisha sikio mdomoni mwake, na kutoka mle ndani, mbali kuliko chungu chochote kinavyoweza kuwa na kina, akasikia sauti aliyoijua tangu ilipolia mara ya kwanza mikononi mwake, ikisema, "Mama, huku giza, mama, nitoe," akatia mkono akagusa udongo mtupu, akatia tena, akakipiga jiwe na jiwe ndilo lililopasuka, na sauti ikaendelea kumwita.

"Atatokaje?" alimuuliza Atupele. "Niambie!"

"Mpaka aoshe mwingine."

Skauti walikuwa wanacheza mpira mchangani. Angeita jina lolote, lingeitika "Ndiyo, mwalimu!" na kuja mbio. Watoto wa watu, waliokabidhiwa kwake na mama zao. Aliwatazama, na Mungu amsamehe, aliwatazama muda mrefu.

Kisha akachota majivu ya jikoni.

"Mwalimu, usifanye hivyo," Atupele alisema. "Atatoka na mwili wako. Atakuwa mtu mzima bila kuuonja usichana."

"Atakuwa juani," Odilia alijibu.  "Nishikie mwanangu, mama. Usimwache peke yake."

Akaanza kusugua, ndani, nje, ukingoni, akilia, akisugua, harufu ya udongo ikimjaa puani na kooni, maji ya ziwa yakimpanda kama yanachemka, mpaka hakujua tena ni mikono yake inayosugua chungu au ni chungu kinachousugua mwili wake na kuumaliza.

Giza.

Juu, mbali, kiduara cha mwanga. Akasikia sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu mzima, ikilia kitoto.

"Mama! Mama yuko wapi?"

"Njoo hapa, mwanangu," Atupele alisema. "Usikiguse. Usikiguse tena."

Odilia alitaka kumwambia asilie. Aliita kwa nguvu zake zote, na huko juu kilio kikazidi.

Kisha mikono ya Atupele ikaonekana kwenye ule mwanga, ikashika ukingo, ikakigeuza chungu mdomo chini.