Sindano Mbili Alizoziruka

Benki ilifurika wateja siku hiyo ya manyunyu. Watu walijikunyata ndani ya makoti, na fundi saa peke yake alikuwa akitiririka jasho. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, gauni la njano limemkaa sawasawa, akampepea kwa daftari lake la vipimo.

"Kaka, jua lako umelificha wapi? Wenzako tunatetemeka!"

Fundi saa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuchomwa sindano za kuzima homoni ili saratani ya tezi dume isiendelee kukua; ndizo zilizomtoa jasho hilo. Mwanamke huyo alikuwa mshonaji, mjane, mwepesi wa ulimi. Wiki haikuisha, wakawa wanapigiana simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe hujapiga?"

Lakini fundi saa akisogelewa, alijitenga. Sindano zilimnyang'anya hamu yote, zikamvimbisha matiti, naye akaona aibu ya kufa mtu. Siku mshonaji alipotaka kumpima shati, aliusukuma mkono wake ulipogusa kifua.

"Una mwingine, sema tu!"

"Sina."

"Basi nanuka?"

Fundi saa akaacha kupokea simu zake. Kwa siri akairuka sindano ya mwezi ule, na miezi mitatu baadaye akairuka nyingine, akingoja uanaume umrudie ndipo naye arudi kwa mpenzi wake. Maskini, hamu haikurudi. Yalikuja maumivu ya mgongo, na daktari akamwambia ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa.

Alipotoka hospitali alimpigia mshonaji, akamweleza yote huku analia. Mshonaji akafunga duka, akamkuta amejiinamia kwenye meza ya kazi, saa za wateja zimezagaa mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mimi si mwanaume?"

"Nilizika mume mwenye nguvu zake zote. Kwako nilitaka mtu wa kuzeeka naye, basi."

Miaka hiyo ya kuzeeka naye fundi saa alikuwa nayo, akaitupa kwa mikono yake mwenyewe.

"Nioe," mshonaji akasema.

"Unajua nimebakiza muda gani?"

"Niambie."

Akamwambia. Mshonaji aligeukia ukutani, mabega yakamtikisika kwa kitambo. Alipomgeukia tena, alimshika mkono.

"Basi iwe Ijumaa hii."