Aliuma Bila Kuomba

"Fungua sehemu ya tisa. Hapa hapa, mbele yangu!"

"Mpenzi, si tulikubaliana tutaitazama pamoja Jumamosi?"

"Nimesema fungua!"

Mchumba wangu ndiye anayeandika tafsiri ya Kiswahili ya ile anime, katuni ya Kijapani, ya mnyonya damu. Niliipenda kuliko hata yeye. Mnyonya damu yule hakurupuki tu gizani. Hamgusi mtu mpaka amwombe ruhusa, na anayekubali humtolea kwanza siri yake moja. Ukimaliza kutazama unabaki kujiuliza wewe umemla nani. Nilinogewa, sifichi.

Mchana huo, kwenye maabara ninakotoa watu damu, mwenzangu alinisogezea simu yenye sehemu ya tisa huku akifuta machozi.

"Shoga, soma siri anayoitoa huyu binti."

Nikasoma: "Mama alipokata roho nilishukuru. Nilichoka kumwogesha kwenye lile beseni la bluu."

Maneno yangu hayo! Niliyasema mara moja tu, wiki ya msiba, nikilia mapajani pa mchumba wangu.

"Kwa Kijapani, binti alisema nini pale?" nikamuuliza mchumba wangu sasa.

"Alisema... ana huzuni."

"Basi?"

"Ilikuwa kavu, mpenzi! Haigusi mtu. Sasa watu wanalia, wananipongeza. Na nani atajua ni wewe?"

Nikamwekea simu yangu usoni. Ujumbe wa dada yangu; yeye nami tulimwogesha mama kwa zamu: "Beseni la bluu nalijua, na anayeandika hayo namjua. Kumbe ulishukuru mama kufa? Usinipigie tena."

Akavuta kompyuta yake karibu.

"Nitafuta leo leo."

"Utafuta kichwani mwa dada?"

"Usinigeuzie kibao! Si wewe uliyesema hadithi hizi zinafumbua macho?"

"Zimenifumbua. Hata yule mwenye meno huomba kwanza. Wewe uliniacha nilie, ukanywa, ukapanguza mdomo."

"Sasa unaniita mnyonya damu?"

"Thubutu! Yule ana adabu."

Nikavua pete, nikaitupa juu ya kompyuta yake.

"Mimi nachoma watu sindano kutwa nzima. Lakini naomba mkono kwanza."

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, ningeweza kuusukuma. Nikagonga.

"Nani?"

"Ni mimi, dada. Naomba kuingia."

Kisha nikasikia ndala zake zikija.